Aliyeajiriwa Kukosea

Watu wa mtaa walimwita Mwandiko, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kabla hajaingia dukani alikuwa mchora mabango. Kinyozi akifungua banda, seremala akihamia kibaraza kipya, mwenye gari la mizigo akitaka jina la mwanawe nyuma ya bodi, wote walimfuata yeye. Alikuja na ngazi, makopo ya rangi na uzi uliopakwa chaki. Aliuvuta ule uzi ukutani na kuuachia ghafla, ukaacha mstari mnyoofu, kisha akasimama kimya kidogo kabla brashi haijagusa. Herufi zake zilikuwa na viuno. Mtu aliye ng'ambo ya barabara alizisoma bila kukunja uso. Na chini kabisa, pembeni, kwa herufi ndogo kama sisimizi waliojipanga, aliweka jina lake: Mwandiko. Wachora mabango wa wakati ule walifanya hivyo wote. Kazi isiyo na jina la aliyeifanya waliiona kama mtoto aliyetupwa.

Baadaye zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Kinyozi akaanza kwenda asubuhi na kurudi mchana na picha ya mtu asiyemjua, aliyenyolewa na mtu asiyemjua, na chini yake maandishi ambayo hakuna mkono ulioyagusa. Jua likiyapiga yanapauka, upepo unayachana, naye anakwenda kununua mengine, na haoni kama kuna alichopoteza. Mwandiko alikaa nyumbani mpaka brashi zake zikawa ngumu kama vijiti.

Aliyemtoa nyumbani ni Mzee Duka. Huyu alikuwa na duka la zamani, lenye kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu. Bei pale ilitoka mdomoni na kuingia sikioni. "Sukari imepanda, mama, usinitazame hivyo, hata mimi nimelia," alisema, na alisema kabla mtu hajatia mkono kwenye mkoba. Ukimjibu kwamba hapo umefika mwisho, alipunguza, au alikupimia kidogo, au mlitukanana kwa kicheko ukaenda zako. Lakini kila mtu alijua anachotoa kabla hajakitoa.

Mzee Duka alipopanua duka, rafu zikawa nyingi na watu wakawa wanajichukulia wenyewe, alihofia jambo moja: wateja hawatakuwa na wa kumuuliza. Akamwita Mwandiko. "Niandikie kadi, kila kitu na bei yake," alimwambia. "Wewe ndiye utakuwa mdomo wangu kwenye rafu." Mwandiko alilainisha brashi zake kwa mafuta ya taa akaanza kazi. Kadi nyeupe ngumu, wino mweusi, na pembeni jina lake, kama alivyozoea. Bei ilipobadilika, wazee wale wawili walipita rafu kwa rafu, mmoja anataja, mwingine anaandika, na hakikuuzwa kitu mpaka kadi yake imebadilishwa.

Mzee Duka alifariki, duka likaenda kwa mwanawe, ambaye wafanyakazi walimwita Bosi Mdogo. Kijana mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inataka kukata, na hapandishi sauti. Aliondoa kaunta ya mbao, akaweka mashine mlangoni pa kutokea. Keshia anapitisha pakiti yenye mistari myeusi, mashine inalia, namba inatokea. Tangu siku hiyo bei ilikaa ndani ya mashine. Ile ya kwenye kadi ilikuwa kivuli chake tu, lakini hayo Mwandiko aliyaelewa baadaye sana.

Kila Jumatatu asubuhi Bosi Mdogo alipita naye kwenye rafu kama alivyofanya baba yake, anamtajia bei. Keshia, msichana mwenye huruma, alimwambia siku moja, "Babu, kwa nini nisikuchapishie hizi bei kwenye karatasi? Usiwe unazibeba kichwani."

"Binti yangu, mimi na marehemu tumefanya kazi kwa mdomo miaka yote," alimjibu. "Mtu akiniambia, ameniambia. Karatasi ni ya watu wasioaminiana."

Yule binti aliinua mabega akaendelea na kazi yake.

Siku iliyoanzisha yote ilikuwa ya mwisho wa mwezi, foleni ndefu. Mbele alikuwa Mama Pacha, dobi, mwanamke mwenye mikono iliyochujuka kwa maji ya sabuni na ulimi usiochujuka kwa lolote. Nyumba yake na ya Mwandiko zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Mmoja akipiga chafya, mwingine alimtakia afya. Alikuwa na kopo la maziwa ya wanawe na mche mrefu wa sabuni ya kufulia. Mashine ililia.

"Rudia hapo," Mama Pacha alisema. "Maziwa umenipigia mia nne sitini. Kule yameandikwa mia nne."

"Mashine ndivyo inavyosema, mama," keshia alimjibu.

"Mashine imesema, na kadi imesema. Nani kamzaa mwenzake?"

Mwanamume wa nyuma alisonya. "Mama, lipa au pisha. Wengine tumeacha watoto na njaa."

"Njaa yako nimeileta mimi? Ulinikuta hapa, tulia!" Akamgeukia keshia tena. "Kadi ile ina jina la mtu. Ni jirani yangu, namjua anavyokohoa. Mwandiko hajawahi kuandika uongo tangu brashi ilipomkaa mkononi. Muiteni."

Walimwita. Alitoka stoo anajifuta wino vidoleni, na Bosi Mdogo akatoka ofisini mwake akamwekea mkono begani.

"Mzee wangu, kadi ya maziwa umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

"Na mimi Jumatatu nilikutajia mia nne sitini. Si ndiyo?"

Mwandiko alimtazama. Jumatatu walikuwa wamesimama karibu na unga, na kijana yule yule, kwa mdomo ule ule, alisema mia nne. Alikumbuka mpaka alivyokuwa amekunja mikono ya shati. Mkono ule wa begani ulikuwa mwepesi, hausukumi. Lakini nyumbani alikuwa na mke aliyeshikwa na kisukari, miguu imevimba, macho yanafifia, na dawa yake ya sindano ilinunuliwa kwa mshahara huu na si kwingine. Mwezi ambao mshahara haukutosha, Bosi Mdogo alimkopesha bila maneno mengi. Mzee wa umri wake akitoka hapa, nani angemchukua? Mabango yalikuwa yamekufa.

"Labda nilikosea," alisema.

"Labda?" Bosi Mdogo aliuliza kwa upole.

"Nimekosea."

Mama Pacha alifungua fundo la kanga yake, akatazama kilichomo, akasukuma ule mche wa sabuni pembeni. "Toa hii. Niachie maziwa." Dobi alirudi nyumbani bila sabuni.

Jioni Mwandiko alimfuata Bosi Mdogo ofisini. "Nibadilishe ile kadi ya maziwa, bosi?"

"Iache kwanza. Mfumo ulipandisha bei mapema kidogo. Tutarekebisha Jumatatu."

Jumatatu walirekebisha. Ila sasa mafuta ya kupikia ndiyo yaliyokuwa na bei mbili, moja ya rafuni na nyingine ya mlangoni, na juma lililofuata dawa ya meno na mchele. Hazikuwa tofauti za kumfanya mtu apige ukunga. Ni vitu vidogo vya kugugunwa kimya kimya, kama panya anavyofanya kwenye gunia. Na wengi hawakuona. Siku hizi mtu anasukuma vitu vyake, anasikia mlio, anatoa hela, anaikunja risiti bila kuisoma na kuitupa mlangoni. Wangekuwa mbele ya Mzee Duka wangebishana mpaka jasho liwatoke. Mbele ya mashine wanaona haya.

Wachache walioona, waligonga meza, na Mwandiko aliitwa.

Mara moja tu alijaribu kusema. "Bosi, nitajie bei iliyomo kwenye mashine, niandike hiyo hiyo. Kazi ni ile ile kwangu."

Bosi Mdogo alimvutia kiti. "Mzee wangu, wewe ni mtu wa baba. Kuna wanaoniambia nichapishe vikaratasi tu, niachane na mambo ya brashi. Nawajibu hapana, mkono wa mtu una utu. Mtu akikosea, watu wanasamehe. Mashine ikikosea, wanavunja vioo." Akasogeza kiti chake karibu. "Shangazi kule nyumbani anaendeleaje? Dawa ipo?"

"Ipo, bosi."

"Ikipungua usinifiche."

Mwandiko alitoka pale akiwa ameelewa kila kitu. Hakuwekwa dukani ili aandike. Aliwekwa akosee.

Akajaribu ujanja wa mnyonge: kadi zilizofuata hakuziwekea jina. Siku hazikupita nyingi Bosi Mdogo alisimama mbele ya rafu ya majani ya chai, kichwa ameinamisha upande. "Mzee, mbona hii haina jina? Baba alipenda sana lile jina." Mwandiko alichukua brashi akaliandika. Aliliandika vizuri pia, maana mkono wake haukujua kuandika vibaya, na hilo lilimuuma zaidi.

Keshia aliwekewa kengele ya kumwitia; ikilia, anatoka stoo, anainamisha kichwa, anasema, "Nimekosea, mama, niwie radhi," au "Nimekosea, mwanangu." Mwanzoni yale maneno yalikuwa mazito. Baadaye yaliteleza. Wapakizi walimbatiza jina jingine, Mzee Samahani.

"Mzee Samahani, leo umekosea au bado?" walimuuliza wakishusha magunia.

"Hajakosea, kengele haijalia."

"Hayo macho yamekunywa rangi nyingi. Mkimtuma chooni ataingia ofisini."

Walicheka, naye alicheka nao, kwa sababu mzee asiyecheka anaambiwa ana kiburi. Nyumbani hakusema neno. Mkewe alipomuuliza kazi inaendaje, alijibu inakwenda.

Kilichomtesa hakikuwa hasira ya watu. Hasira angeivumilia, ina heshima yake. Mtu anakukasirikia kwa sababu anakuona mzima. Lakini hasira ya Mama Pacha haikudumu. Asubuhi moja alimkuta bombani akamtwalia ndoo mkononi. "Lete nikubebee, baba. Wewe usijichoshe." Sauti yake ilikuwa imepanda na kupunguza mwendo, ile sauti ambayo watu huwawekea viziwi na watoto. Hapo Mwandiko aliona kwamba ameshasamehewa, na kwamba msamaha ule hautarudishika.

Kuna mteja mmoja ambaye hakusamehe. Alikwenda akalalamika kwenye ofisi inayohusika, na siku moja mchana mkaguzi aliingia dukani. Mwanamke wa makamo, viatu vya kutembelea, mkoba wa ngozi uliochoka. Hakujitambulisha. Alijaza kikapu, akapita mlangoni kama mteja, akalipa, akasimama pembeni na risiti yake, halafu akarudi kwenye rafu nayo, anatazama kadi, anatazama risiti. Alipomaliza ndipo alipotoa kitambulisho na kumwomba Bosi Mdogo asogee.

Foleni yote ilisogea kusikiliza.

"Karibu vitu vyote nilivyochukua vimepanda kati ya rafu na hapa," mkaguzi alisema. "Nieleze."

Bosi Mdogo hakutoa jasho. "Ni kweli, na naona aibu. Kadi zetu zinaandikwa kwa mkono. Mzee wetu ni mtu wa marehemu baba, siwezi kumtupa. Lakini umri, unajua. Anakosea. Wateja wenyewe ni mashahidi."

Mwandiko aliitwa. Kengele ile ile, mlango ule ule wa stoo. Mkaguzi alikuwa ameshika kadi ya mchele mkononi, na kabla ya kuuliza lolote aliitazama tena.

"Hii umeandika wewe, baba? Mkono mzuri. Nilidhani watu wa kuandika hivi wamekwisha."

Lau angemfokea, Mwandiko angesema lile neno lake la kila siku na kurudi stoo. Lakini alisifiwa kazi yake, na ilikuwa zamani sana tangu mtu aione. Alijua kinachokwenda kupotea. Alipiga moyo konde.

"Sijakosea," alisema. "Hata kadi moja sijakosea. Kila bei iliyopo pale alinitajia yeye, akanikataza kubadilisha. Anapandisha kwenye mashine, kadi zinabaki. Mimi naitwa kusema nimekosea ili watu walipe waende."

Bosi Mdogo alimtazama kwa masikitiko, kama mtu anayemtazama mgonjwa akiweweseka.

"Bei hizo alikupa kwenye karatasi?" mkaguzi aliuliza.

"Alinitajia kwa mdomo."

"Nani alikuwepo?"

Mwandiko alimtazama keshia. Keshia alikuwa amefungua droo ya hela, anapanga noti ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Ndipo Mama Pacha alipojitokeza kutoka kwenye foleni. Alikuja mbio mbio, mikono mbele, kama mtu anayekwenda kumtoa mtoto barabarani.

"Mama mkaguzi, nakuomba, msimsumbue mzee wa watu. Mimi ni jirani yake, tunatenganishwa na ukuta. Ni kweli anakosea, amekiri mwenyewe mbele yangu, hapa hapa. Hana ubaya. Ana mgonjwa ndani, kichwa kimejaa. Ni uzee tu. Msimpeleke popote."

"Hata mimi aliniomba radhi," mwingine alisema. "Tena kwa adabu."

"Na mimi pia."

"Mwacheni mzee, jamani, nani hatazeeka?"

Kila aliyesema alisema kwa huruma. Walizungumza juu ya kichwa chake kama watu wanaosimamia kitanda cha mgonjwa.

"Mama Pacha," Mwandiko alisema, na sauti yake ilitetemeka, jambo ambalo halikumsaidia. "Nilikuwa nadanganya."

Mkaguzi alikuwa mtu wa haki, na kwa sababu ni mtu wa haki ilimbidi aulize. "Ulikuwa unadanganya lini, baba? Siku zile, au sasa?"

Mwandiko alifungua mdomo. Maneno ya kweli na ya uongo yalikuwa yametoka humo humo, kwa sauti ile ile, mbele ya watu wale wale. Alitafuta namna ya kuyatenganisha asiione.

Duka lilipewa onyo na kuambiwa liachane na kadi za mkono, liweke bei zilizochapwa. Bosi Mdogo alishukuru kwa mwongozo. Mchana ule ule alimpa Mwandiko bahasha na kumshika mkono kwa mikono yote miwili. "Nenda ukapumzike, mzee wangu. Sina kinyongo na wewe." Wapakizi walikuwa wameshaanza kung'oa kadi kwenye rafu na kuzitia kwenye katoni la takataka. Mmoja alizikanyagia ndani ili zienee.

Vikaratasi vilivyochapwa vilikubaliana na mashine kwa majuma machache. Siku hizi havikubaliani tena, na mteja akiuliza anaambiwa ni mtandao. Mtandao hauitwi kutoka stoo, basi watu wanalipa.

Mwandiko hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alizunguka mitaani kwa miguu mpaka jua lilipopoa, kwa hiyo habari ilimtangulia. Alimkuta mkewe ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu juu ya kigoda. Wakati wa sindano ulikuwa umefika. Tangu macho ya mama yule yafifie, ni mumewe aliyekuwa akimvutia dawa, asubuhi na jioni, kwa namba walizoambiwa hospitali. Alinawa mikono, akachukua kichupa, akavuta dawa, akagonga bomba la sindano kwa ukucha mpaka kipovu kikapanda na kutoka.

Alipoinama, mkewe alivuta kanga akafunika paja.

"Ngoja kidogo, baba."

"Ningoje nini?"

"Mama Pacha anakuja sasa hivi. Aitazame namba kwanza."

Alibaki amesimama na lile bomba mkononi. "Mke wangu, siku zote nakuchoma mimi."

"Najua."

"Kule dukani sikukosea hata siku moja. Nilisema tu."

"Ulisema mbele za watu, baba. Mara nyingi. Nimeambiwa leo." Hakuwa na ukali. Alikuwa akiangalia upande ambao sauti ya mumewe ilitokea. "Na mimi hukuniambia lolote."

Angeweza kumjibu kwamba aliyasema kwa ajili ya dawa hii hii aliyoishika. Lakini mtu hamwambii mkewe mgonjwa kwamba gharama yake ilikuwa kubwa kiasi hicho.

"Usikasirike," mkewe alisema. "Ni mwili wangu. Ikizidi, siamki."

Mama Pacha aliingia anajifuta povu mikononi. Aliwaamkia, akalichukua bomba kutoka vidoleni mwa Mwandiko taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, akalipeleka dirishani palipokuwa bado na mwanga. Aliisogeza namba karibu na jicho, akaisoma, akairudia. Mume na mke walingoja.

"Iko sawa," alisema, akamrudishia na kumpigapiga mkono. "Leo umepatia, baba."

Mkewe akafunua paja.